Fumbo la Kilemba na Hesabu ya Wajumbe

Mhariri,

Mchujo wa vyama kuelekea uchaguzi mkuu wa Agosti 2027 umeshakuwa mazungumzo ya mabarazani hapa Lamu, na kila unapotajwa haukosi kuletwa mfano wa Marekani. Husemwa kuwa mwaka 2008, walipompa tiketi ya urais Barack Obama, mtu mweusi, wenzetu wa kule waliishinda rangi kwa sababu wameelimika, na kwamba nasi tukielimika tutaushinda ukabila. Naomba nafasi nieleze kwa nini mfano huo unasomwa kombo. Katika mchujo ule wa chama cha Democratic rangi ilitumika tangu Januari mpaka Mei, na walioitumia walikuwa watu waliosoma hasa. Iliyoizuia isiamue mshindi ni kanuni ya kugawa wajumbe, yaani watu wanaokwenda kwenye mkutano wa chama kumpa mgombea tiketi, kanuni ambayo ilikuwa imepiganiwa miaka 20 kabla. Mafumbo yao tunayo yote. Kanuni ile hatunayo.

Nianze na picha, kwa kuwa ilipigwa nchini kwetu. Agosti 2006 Barack Obama, wakati huo seneta wa Illinois, alizuru Wajir na wazee wa huko wakamvisha vazi la Kisomali: shuka nyeupe iliyozungushwa mabegani, na kilemba cheupe. Ni heshima ya kawaida kwa mgeni, kama hapa kwetu atakavyovishwa kanzu na kofia ya kushonwa kwa mkono. Picha ikakaa mwaka mmoja na nusu bila kumshughulisha mtu. Tarehe 25 Februari 2008, siku 8 kabla ya kura za Ohio na Texas, ikatokea kwenye tovuti ya Drudge Report, pamoja na maelezo kwamba inasambazwa na wafanyakazi wa kampeni ya Hillary Clinton, mpinzani wake katika mchujo. Meneja wa kampeni ya Obama, David Plouffe, alilaani kitendo hicho akisema ni kuwatia watu hofu. Meneja wa Clinton, Maggie Williams, akajibu kuwa anayeliona vazi hilo kuwa ni la kugawanya watu ndiye wa kuona haya. Kampeni ya Clinton ilisema haikuidhinisha picha hiyo isambazwe.

Itazameni ilivyoundwa. Picha yenyewe ni ya kweli. Haina tusi hata moja. Anayeilalamikia anageuziwa kibao, aonekane yeye ndiye anayelidharau vazi. Na ilikuja wakati uvumi ulikuwa umeshaenea kwamba Obama ni Mwislamu wa kisirisiri, basi haikuhitaji kusema lolote. Ilikuja kukalia neno lililokwisha kusemwa na wengine. Watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa jambo hili. Mwanamke akijifunga kanga yenye jina kali akapita mlangoni kwa jirani, hajamtaja mtu. Jirani akijibu, amejitaja mwenyewe. Kampeni ya rangi ya siku hizi ni kanga ya namna hiyo, na ndiyo maana sheria za matusi haziigusi.

Siku 6 baada ya picha ile, tarehe 2 Machi, Clinton aliulizwa katika kipindi cha 60 Minutes cha CBS kama anaamini Obama ni Mwislamu. Alikanusha. Akabanwa tena, akasema hakuna msingi wa jambo hilo, kisha akatia mkia: nijuavyo mimi. Haki itendeke, alikuwa ameshakanusha zaidi ya mara moja na kuuita uvumi huo kuwa ni uzushi. Lakini mkia ule wa maneno mawili ndio uliobaki midomoni mwa watu. Tofauti ya "si kweli" na "si kweli, nijuavyo mimi" kila mkaa baraza anaijua: ya kwanza imefunga mlango, ya pili imeurudishia tu.

Hapa pana jambo linalotuhusu sisi kuliko Wamarekani. Obama alijibu kwamba yeye ni Mkristo, na ni kweli. Ila jibu hilo, likitolewa peke yake, limekubali kwamba Uislamu ni shtaka la kujitetea. Ilibidi tusubiri mpaka tarehe 19 Oktoba 2008, mchujo ukiwa umekwisha, ndipo Colin Powell, mtu wa chama cha Republican, akauliza kwenye televisheni: na angekuwa Mwislamu, kosa lingekuwa nini? Mgombea anayezushiwa ukoo, dini au asili ajifunze hapo. Jibu lina sehemu mbili, na zote zisemwe siku ileile: kwanza ukweli wa jambo, kisha kwamba hata lingekuwa hivyo halimpunguzii mtu haki yake. Akiisahau sehemu ya pili, amejiokoa yeye na kuwaacha wenziwe wa kundi hilo ndani ya shimo.

Kwa nini mchujo huzaa mafumbo kuliko uchaguzi wenyewe? Kwa sababu wagombea ni wa chama kimoja na ilani moja. Clinton na Obama walitofautiana kidogo mno katika sera. Katika midahalo yao walibishana sana iwapo bima ya afya iwe lazima kwa kila mtu. Sera zikifanana, mpiga kura hutafuta kingine cha kutofautishia, na kilicho karibu kabisa na jicho ni rangi, jina, lafudhi, ukoo. Halafu wanaojitokeza kwenye mchujo ni wachache kuliko wa uchaguzi mkuu, kwa hiyo kuwaondoa au kuwatia hofu watu mia chache huonekana katika matokeo. Na hakuna muda. Mwaka 2000 kati ya mchujo wa Republican wa New Hampshire na ule wa South Carolina zilikuwapo siku 18 tu.

Hizo siku 18 zinafaa kusomwa na kila ajenti wa mgombea. John McCain alimshinda George W. Bush New Hampshire kwa pointi 18 tarehe 1 Februari. Huko South Carolina zikaanza simu na makaratasi yaliyopachikwa kwenye vioo vya magari, zikidokeza kwamba McCain amezaa nje mtoto mweusi. Ukweli ni kwamba McCain na mkewe walikuwa wakimlea binti waliyemchukua kutoka kituo cha mayatima nchini Bangladesh. Mtoto alikuwa akionekana na familia kwenye majukwaa ya kampeni, kwa hiyo uvumi ulikuwa na "ushahidi" wake unaotembea. Tarehe 19 Februari Bush akashinda kwa asilimia 53 dhidi ya 42. Aliyeanzisha simu zile hakuthibitishwa, na si haki kusema ni simu peke yake zilizoamua. Bush alikuwa na fedha na mtandao mkubwa wa viongozi wa dini na wa chama. Ninachotaka kionekane ni chombo chenyewe.

Chombo hicho hujifanya kura ya maoni. Mtu anapigiwa, anaulizwa: "Ungempigia fulani kura ukijua kuwa alizaa nje?" Hakuambiwa kuwa alizaa nje. Ameulizwa tu. Namna ya kuitambua ni hii. Utafiti wa kweli huwahoji watu mia kadhaa mpaka elfu moja hivi, kwa sababu idadi hiyo inatosha. Simu za uvumi hupigwa kwa maelfu kwa maelfu. Utafiti wa kweli huchukua dakika 10 na zaidi na huuliza umri, jinsia na mahali unapoishi, kwa kuwa bila hayo majibu hayachambuliki. Simu ya uvumi haifiki hata dakika moja wala haijali umri wako. Mtafiti hutaja kampuni yake. Na mpigaji wa uvumi hata ukimjibu "sijui" ameridhika, maana jibu hakulihitaji, alihitaji sikio. Kwetu chombo hiki siku hizi ni sauti ya kurekodiwa kwenye makundi ya WhatsApp, inayoanza na "nimeulizwa na watu wengi kama ni kweli kwamba..." Ikianza hivyo, ijueni.

Kuna mbinu nyingine ambayo haihitaji uzushi kabisa, nayo ni kumfungia mgombea ndani ya kundi lake. Obama alianza kwa kushinda Iowa tarehe 3 Januari 2008, kwa asilimia 38 dhidi ya 30 za John Edwards na 29 za Clinton, katika jimbo ambalo zaidi ya watu 9 kati ya 10 ni weupe. Tarehe 26 Januari akashinda South Carolina kwa asilimia 55 dhidi ya 27 za Clinton. Siku hiyohiyo Bill Clinton, mumewe Hillary, akawakumbusha waandishi kwamba hata Jesse Jackson, mgombea mweusi aliyemtangulia Obama, alishinda South Carolina, mwaka 1984 na mwaka 1988. Kauli hiyo haina uongo hata chembe. Hakuulizwa habari za Jackson, wala hakuitaja Iowa. Maana iliyobaki kwa msikilizaji ni kwamba ushindi huu ni wa weusi kumpa mweusi mwenzao, nao una mwisho wake kama ulivyokuwa wa Jackson. Takwimu za wapiga kura waliohojiwa vituoni siku ile zilionyesha Obama alipata asilimia 78 ya weusi na 24 ya weupe, na kura za weupe ziligawanywa kwa wagombea watatu. Fumbo lilikusudiwa hao 24 wasihesabiwe.

Kisha likaja neno "wachapakazi". Tarehe 8 Mei 2008 gazeti la USA Today lilichapisha mahojiano ambamo Clinton alisema uungaji mkono wa Obama unadhoofika miongoni mwa Wamarekani wanaofanya kazi, wanaochapa kazi, Wamarekani weupe. Maneno mawili yamewekwa pamoja mpaka yakawa kitu kimoja, na aliye nje ya weupe akajikuta nje ya kuchapa kazi.

Nimelikalia neno hilo kwa sababu tunalo hapa hapa kaunti ya Lamu, na limeshawahi kutuumiza. Lamu ina maeneo bunge mawili na kata 10, kuanzia Kiunga, Basuba na Faza mpaka Witu, Mkunumbi, Hongwe na Bahari. Wamo Wabajuni, Waamu, Waboni, Waorma, Wagiriama, na waliohamia Mpeketoni na vijiji vya jirani kupitia mipango ya makazi tangu miaka ya 1970. Mgombea akisimama bara akasema "tiketi tumpe mchapakazi, si mtu wa kukaa barazani", hajataja kabila. Kila mtu wa visiwani amejisikia ametajwa. Na mgombea akisimama kisiwani akasema "tumpe anayeijua bahari", ameisifu kazi ya uvuvi, kazi ya heshima. Ila mkulima wa Hindi au wa Hongwe ameelewa papo hapo kwamba yeye hamo. "Wenye mji" ni neno la fahari Lamu. Likiletwa kwenye jukwaa la mchujo linageuka uzio. Tusidanganyane kwamba haya ni maneno ya mapambo tu. Waliouawa Mpeketoni Juni 2014 hawakuuawa na kampeni, lakini kila anayepanda jukwaani Lamu anajua anasimama karibu na kidonda gani, na ndiyo sababu achague maneno yake kwa hofu ya Mungu.

Sasa hesabu, na hapa naomba wasomaji wavumilie, maana ndipo palipo na kiini.

Chama cha Democratic hakimpi tiketi aliyeongoza kwa kura. Humpa aliyepata wajumbe zaidi ya nusu, na wajumbe hugawanywa kwa uwiano: kila anayefikisha asilimia 15 ya kura katika jimbo au eneo bunge hupata fungu lake. Chukua eneo lenye wajumbe 4. Mgombea akishinda kwa asilimia 60 dhidi ya 40, fungu lake ni wajumbe 2.4 na la mwenziwe 1.6, ukikadiria, kila mmoja anapata 2. Ili apate 3 kwa 1 anahitaji kufika asilimia 62.5. Ushindi mkubwa, wajumbe sawa kwa sawa. Sasa chukua eneo lenye wajumbe 3: asilimia 51 kwa 49 inatosha kutoa 2 kwa 1. Watu wa Obama waliyajua haya, wakapeleka nguvu mahali ambapo kura chache huzaa mjumbe, na mahali walipotarajia kushindwa wakahakikisha hawashindwi kwa zaidi ya kiwango kinachowapotezea mjumbe.

Tarehe 5 Februari 2008 Clinton alishinda New Jersey, ambako zilipigwa kura zaidi ya milioni moja, akapata wajumbe 59 dhidi ya 48. Faida yake ni 11. Siku hiyohiyo Idaho, jimbo la weupe na la mbali, watu 21,000 hivi walikusanyika kwenye vikao vya wanachama na Obama akachukua wajumbe 15 dhidi ya 3. Faida ni 12. Nevada Clinton alishinda kwa hesabu ya watu, Obama akatoka na wajumbe 13 kwa 12. Texas Clinton alishinda kura ya mchana, asilimia 51 kwa 47, Obama akashinda vikao vya jioni, na jumla ikawa 99 kwa 94 upande wa Obama. Tena huko Texas maeneo ya Houston na Dallas yenye weusi wengi yalikuwa na wajumbe wengi kuliko maeneo ya mpakani, kwa sababu mgao ulifuata jinsi watu walivyojitokeza kukipigia chama mwaka 2004 na 2006. Kundi lililozoea kujitokeza lilivuna hata kabla ya kampeni kuanza.

Sasa yaweke mafumbo juu ya hesabu hiyo. Tarehe 13 Mei, siku 5 baada ya "wachapakazi", Clinton alishinda West Virginia kwa asilimia 67 dhidi ya 26, ushindi wa kutisha. Wajumbe: 20 kwa 8. Faida ni 12, ileile ya Idaho. Mimi sidai kwamba kila aliyempigia West Virginia alipiga kwa rangi, watu walikuwa na sababu zao nyingi. Ninachosema ni kwamba hata pale ambapo mgawanyiko wa rangi uliweza kusaidia, haukuweza kuchukua vyote. Aliyeshindwa hakwenda mikono mitupu, kwa hiyo ilimlipa kwenda kuomba kura hata kwa wasiomtaka. Juni 7 Clinton akasitisha kampeni na kumuunga mkono Obama.

Kanuni hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Mwaka 1984 Jesse Jackson alipata asilimia 18 hivi ya kura za mchujo, lakini mkutanoni akaambulia kura 465.5 za wajumbe, yaani kama asilimia 12. Kiwango cha chini kilikuwa asilimia 20, na majimbo kadhaa yalimpa aliyeongoza eneo wajumbe wote au wajumbe wa ziada. Jackson akalalamika, kiwango kikateremshwa mpaka 15. Mwaka 1988 akapata kura karibu milioni 7, akashindwa na Michael Dukakis, lakini kabla ya kumpa mkono wake akadai kanuni: uwiano kila mahali, na mtindo wa aliyeongoza kuchukua vyote ufutwe. Akakubaliwa. Hakupata tiketi yeye. Miaka 20 baadaye mwingine akaipata kwa kanuni ile. Hivyo yule Jackson aliyetajwa South Carolina ili kumdogosha Obama ndiye aliyekuwa ameandaa uwanja.

Kwetu Kenya, tiketi ya urais haipigiwi mchujo wa wananchi kwa desturi. Mkutano wa wajumbe wa chama hukutana na mara nyingi kuna jina moja tu. Mchujo wetu wenyewe ni wa ugavana, useneta, mwakilishi wa kike, ubunge na uwakilishi wa wadi, na humo aliyeongoza huchukua, hata kwa kura chache namna gani. Wakiwa wagombea wanne na kura zikigawanyika 35, 30, 20 na 15, mwenye 35 ana tiketi, ijapokuwa 65 katika kila 100 hawakumtaka. Kwa hesabu hiyo fumbo lina faida kubwa: mgombea anahitaji kulishikilia kundi lake moja kwa hofu, na kuhakikisha makundi mengine hayaungani. Ndiyo sababu huzuka mgombea wa dakika ya mwisho, asiye na mabango wala ajenti wa kutosha, kutoka ukoo uleule wa mpinzani. Kazi yake ni kumpunguzia kura 300.

Katiba iliiona hatari hii kwenye urais: kifungu cha 138 kinataka zaidi ya nusu ya kura zote, na angalau asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti, yaani kaunti 24. Chini ya urais, na ndani ya vyama, hakuna. Lakini vyama hujiandikia kanuni zake za mchujo na kuziwasilisha kwa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka. Hakuna kinachokizuia chama kuandika kwamba asipopatikana mwenye nusu, wawili wa kwanza warudiane, au kwamba mpiga kura aweke alama kwa chaguo la kwanza na la pili. Mgombea anayelihitaji chaguo la pili la mkulima wa Hongwe hatathubutu kusema uongozi ni wa wajuao bahari tu.

Nitoe tahadhari hapa, kwa sababu marudio nayo yametumika vibaya. Majimbo ya kusini ya Marekani yalidai nusu ya kura katika mchujo, na mgombea mweusi aliyeongoza kwa 40 alipokutana na mweupe mmoja katika marudio, weupe waliungana wakamwangusha. Mwaka 1989 North Carolina ilikiteremsha kiwango hicho hadi asilimia 40. Penye kundi moja lenye zaidi ya nusu, marudio hulikabidhi kundi hilo rungu. Penye makundi mengi na hakuna lifikalo nusu, huwalazimisha watu kuombana. Kwa hiyo kanuni ipimwe kata kwa kata dhidi ya daftari la wapiga kura, isinakiliwe tu.

Na daftari ndilo lenye mbinu kongwe kuliko zote. Mwaka 1923 Texas ilipiga marufuku weusi kupiga kura katika mchujo wa Democratic. Sheria ilipopinduliwa mahakamani, chama kikajifanya klabu ya watu binafsi, chenye haki ya kuchagua wanachama wake. Hoja iliumiza kwa sababu Texas ya wakati ule aliyepata tiketi ya Democratic alikuwa ameshashinda kiti; kilichofuata kilikuwa kutimiza utaratibu. Tunaijua hali hiyo, tunaiita ngome ya chama. Ni mpaka mwaka 1944, katika kesi ya Smith dhidi ya Allwright, ndipo Mahakama ya Juu ya Marekani iliposema mchujo ni sehemu ya uchaguzi na chama hakina haki ya kumfungia mtu nje kwa rangi. Wakili wa Lonnie Smith, daktari wa meno wa Houston, alikuwa Thurgood Marshall, yuleyule aliyekuja kuwasaidia wajumbe wa Kenya kwenye mazungumzo ya Lancaster House mwaka 1960 kuandika sura ya haki. Kifungu cha 91 cha Katiba yetu kinachokataza chama kujengwa juu ya dini, lugha, rangi au kabila kina ukoo huo.

Kwetu hakuna atakayeandika kwamba kabila fulani lisipige kura. Jina lako litakosekana tu. Mwaka 2021 Wakenya wengi waligundua kuwa wameandikishwa kwenye vyama bila kujua. Chama kikiamua mchujo wa wanachama waliosajiliwa, na wewe umeandikwa kwenye chama kingine, siku ile utarudishwa nyumbani. Angalia sasa kupitia eCitizen, kwenye huduma za Msajili wa Vyama vya Siasa; ukikuta umeandikwa usikotaka, jiondoe kwa maandishi na uhifadhi nakala yenye tarehe. Wasio na simu za intaneti, hasa Basuba na Kiunga, wasaidiwe mapema, maana wao ndio watakaokosa kwanza.

Kuhusu sheria ya matamshi, tusitegemee zaidi ya uwezo wake. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 kinatoa faini isiyozidi shilingi milioni moja, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili, kwa maneno ya vitisho, dharau au matusi yanayochochea chuki ya kikabila. Fumbo huponyoka hapo kwa sababu lina maana mbili, na wakili atashika ile njema. Bado rekodi ina kazi. Usiifute sauti au video kwenye simu iliyoipokea. Picha ya skrini peke yake ni dhaifu, na Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inataka cheti kinachoeleza kifaa na jinsi nakala ilivyotolewa. Andika tarehe, saa, mahali, na waliokuwapo. Andika maneno kwa lugha yaliyosemwa, Kibajuni kwa Kibajuni, Kikuyu kwa Kikuyu, kisha tafsiri kando. Ukipeleka tafsiri tupu, fumbo limeshakufa njiani. Na kama ni ugomvi wa mchujo wenyewe, anza na kamati ya chama kwa maandishi, kwa sababu Jopo la Kutatua Mizozo ya Vyama vya Kisiasa litakuuliza ulijaribu nini huko kabla ya kufika kwake.

Ombi langu kwa gazeti hili ni mambo mawili. Kila chama kitakachofanya mchujo Lamu, chapisheni kanuni yake: nani anapiga kura, kwa daftari lipi, na inakuwaje asipopatikana mwenye nusu. Na mgombea akitoa fumbo, lichapisheni kama lilivyo, mahali na tarehe, kisha mmuulize maana yake na mchapishe jibu lake kando. Mwandishi mmoja akimfuata mgombea yuleyule kwa wiki moja, Faza, Mkomani na Hindi, akaandika alichosema katika kila sehemu kuhusu "watu wetu", wasomaji watazisoma kauli hizo tatu kwenye ukurasa mmoja.

Msomaji wenu,
Langoni, Lamu